Yashukayo Sabaki

Ami yangu ni mvuvi wa Mambrui, na hanipigii simu ovyo. Hunipigia misimu miwili ya mwaka, masika na vuli, na tukishamaliza kujuliana hali huniuliza jambo moja tu: “Huko kwanyesha?” Zamani nikidhani ananionea huruma. Nikimweleza kwa kirefu kuhusu barabara zilizojaa maji, paa linalovuja, matatu zilizopandisha nauli. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akauliza tena: “Kwanyesha sana, au manyunyu?” Miaka ilipita kabla sijatambua kwamba ami haulizi habari zangu. Anauliza habari za mto.

Mvua ikipiga Nairobi na vilima vilivyo juu yake, na ikipiga Ukambani, siku kadhaa baadaye bahari ya kwetu hugeuka rangi. Maji mekundu hutoka mlangoni mwa Sabaki, yakajitandaza juu ya maji ya chumvi kama shuka. Wakati wa kaskazi huelekea kusini, hadi Malindi na Watamu. Wakati wa kusi hupanda kaskazini, kwetu Mambrui. Pamoja nayo huja magogo, matawi, mizoga, na siku hizi takataka za kila namna, na jarife lililotegwa usiku hukutwa asubuhi limezongwa, limelemewa, pengine limechanika vipande. Jarife si kitu cha kununua kila mwaka. Ndiyo maana ami hutaka kujua mapema.

Mimi naishi Nairobi mwaka wa kumi na tisa sasa, na mto huo nauvuka asubuhi na jioni. Siku nyingi siuoni. Matatu hupita darajani kwa kishindo, makanga anadai nauli, redio imefunguliwa hadi mwisho, na pua ndiyo inayotambua kwamba tumepita juu ya maji. Watu wa hapa huuita Mto Nairobi, na ukiwasikiliza utadhani unaanzia na kuishia ndani ya kaunti yao. Mimi niliuzoea kwa jina jingine tangu utotoni, kwa sababu nilizaliwa karibu na mdomo wake. Una majina manne: Nairobi, kisha Athi, kisha Galana, kisha Sabaki. Anayekaa kwenye jina la nne hupokea ya wote watatu waliotangulia.

Chimbuko lake ni kinamasi cha Ondiri, karibu na mji wa Kikuyu, kaunti ya Kiambu, magharibi ya jiji. Nilikwenda huko Januari moja, jua likiwaka. Ukitazama kutoka barabarani utadhani ni malisho: majani mabichi yamesimama wima, ng'ombe wako ukingoni, ndege weupe wanatembea kati ya miguu yao. Kijana aliyekuwa akikata majani ya mifugo aliniona nikishuka akainua panga lake juu.

“Usiende mbali, mzee. Hapo si ardhi. Hayo ni majani yanaelea tu.”

Nikaweka mguu mmoja. Chini ikabonyea polepole kama godoro, na hatua mbili tatu mbele yangu matete yakatikisika ilhali hapakuwa na upepo. Nikauinua mguu, nikauweka tena, yakatikisika tena. Zulia la mizizi lilikuwa limetandwa juu ya maji, na shimo dogo la unyayo wangu likajaa taratibu, maji meusi kwa rangi ya mboji lakini safi. Nikayachota kwa kiganja. Yalikuwa baridi hata kwa saa sita ya mchana.

Wamaasai waliokuwa wakinywesha ng'ombe bondeni waliliita eneo hilo Enkare Nairobi, yaani maji baridi. Jiji lenye mamilioni ya watu limebeba jina la kiganja kile. Nimekaa na Wanairobi wengi, wazaliwa wa hapa, wasomi, madereva, wauza mboga, na karibu wote wanajua maana ya jina hilo. Sijakutana na wengi kati yao waliowahi kuyagusa hayo maji.

Ukitaka kuuelewa mto huu, utazame udongo. Magharibi ya jiji kuna migongo ya miamba ya volkano iliyofunikwa udongo mwekundu, wenye rutuba, unaokunywa maji. Mashariki kuna tambarare ya Athi yenye udongo mweusi unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Nairobi imekaa mahali hivyo viwili vinapokutana, na mito yake yote huteremka kutoka kwenye migongo kwenda tambarare. Mathare na Gitathuru hupita kaskazini. Kirichwa huja kutoka upande wa Kilimani. Kusini kuna Motoine, unaopita ukingoni mwa Kibera, ukaingia Bwawa la Nairobi lililojengwa 1953, na ukitoka hapo huitwa Ngong, ukakata eneo la viwanda. Bwawa hilo watu walikuwa wakienda kuendesha mashua za matanga. Leo limefunikwa gugumaji, na mgeni anaweza kupita kando yake asijue kwamba kuna bwawa.

Reli ndiyo iliyoleta mji. Mwaka 1896 sajini mmoja wa Kiingereza, Ellis, aliweka hapo zizi la wanyama wa misafara. Mwisho wa Mei 1899 reli ikafika, kilomita zipatazo 530 kutoka Mombasa. Wahandisi walitaka vitu viwili kabla ya kuanza kupanda kuelekea Bonde la Ufa: uwanja tambarare wa kupanga njia na karakana, na maji ya kunywesha garimoshi. Vyote walivipata. Uwanja ulikuwa tope na matete, mvua ikinyesha maji hayakuwa na pa kwenda, lakini hayo hayakuwahangaisha watu waliodhani wanajenga kituo tu. Mwaka 1902 tauni iliingia katika soko la Wahindi, na wakubwa wakaamuru lichomwe moto. Zaidi ya mara moja madaktari walishauri mji uhamishiwe mahali pa juu, pakavu. Haukuhamishwa. Badala yake makao makuu ya serikali yalipandishwa kutoka Mombasa yakawekwa hapohapo, 1905.

Watu wa pwani nao walipanda. Wapagazi, askari, wapishi, mafundi wa mbao, wachuuzi, wanawake waliotafuta maisha yao wenyewe, walipanda na reli au mbele ya reli wakajenga vijiji vyao kuuzunguka mji mchanga. Kimojawapo kiliitwa Pangani, kingine Mombasa, kingine Maskini. Walijenga kwa miti na udongo kama walivyozoea kwao, wakaweka misikiti, wakaswali, wakazikana. Mapema miaka ya 1920 serikali ilianzisha Pumwani ili Waafrika wa mjini wakusanywe mahali pamoja panapoangalika, na mwisho wa miaka ya 1930 Pangani ikabomolewa, wengi wakahamishiwa Shauri Moyo. Ukitembea leo kutoka Kariokor kwenda Pumwani, ukapita Majengo, ukateremka Shauri Moyo, masikio yako yanatembea katika Kiswahili cha zamani, na mto uko kando yako karibu muda wote.

Hilo si bahati. Wazungu walichukua vilima vya magharibi na kaskazini, penye udongo mwekundu, upepo na maji ambayo hayajaguswa na mtu. Wahindi wakapewa katikati, Ngara na Parklands. Waafrika wakasukumwa mashariki, chini, kwenye udongo mweusi, mahali ambapo kila kilichomwagwa juu hufika. Mpaka wa rangi ulifutwa kwenye sheria, lakini maji hayajui sheria mpya. Yanafuata mteremko uleule, na mteremko ule bado unatoka kwa mwenye nacho kwenda kwa asiye nacho. Nasikia mara nyingi watu wa mitaa ya juu wakisema mto unachafuliwa na vibanda. Vibanda havina mabomba ya majitaka, ni kweli, na choo kilichojengwa juu ya kijito humwagika kijitoni. Lakini mto huwa umekwisha kunuka kabla haujafika kwenye vibanda. Huko juu kuna machinjio, kuna gereji, kuna maghorofa ya kupangisha ambayo majitaka yake yameelekezwa usiku kwenye mfereji wa mvua, na wanaoishi humo hulipa kodi nzuri.

Jumamosi moja ya mwezi wa saba nilishuka karibu na Gikomba nikaamua kutovuka. Nilisimama chini ya daraja kiasi cha saa nzima. Maji yalikuwa ya kijivu, kama yaliyooshewa masufuria ya mafuta, na povu lilikuwa limekwama kwenye tairi la lori lililozama nusu. Juu ya ukingo palikuwa na nduma na sukuma wiki zilizositawi sana. Mama mmoja wa makamo alikuwa amechuchumaa juu ya jiwe pana akiosha karatasi za plastiki. Alichukua moja kutoka kwenye rundo, akaizamisha, akaisugua kwa mchanga mara tatu nne, akaigeuza ndani nje, akaipiga hewani ikatoa mlio kama wa kofi, kisha akaitandaza juu ya ukuta. Zilizo wazi aliziweka upande mmoja, za rangi upande mwingine. Mikono yake ilikuwa imefanya weupe hadi kwenye viwiko.

“Mama, habari ya kazi?”

“Ni kusukuma siku.”

Aliniambia kwamba zilizo wazi zina bei, za rangi hununuliwa kwa hisani tu. Hupimwa kwa kilo, na mnunuzi akikuta uchafu hupunguza. Nikamuuliza kama anajua maji haya huenda wapi.

“Yanaenda Dandora.”

“Na kutoka Dandora?”

Akapiga karatasi nyingine hewani. “Huko mbele ni kwa wenyewe.”

Nikamwambia ni kwetu. Akageuka akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Hakuomba radhi, na wala hakuwa na la kuombea radhi, kwa maana yeye ni miongoni mwa watu wachache katika jiji hili wanaoutoa uchafu mtoni kwa mikono yao wenyewe. Alisema tu, “Kumbe kuna watu mpaka huko,” akaendelea kuosha. Maneno hayo nimeyachukua nikaenda nayo. Hakuna ramani ya mto niliyoiona ofisini mwa mtu yeyote iliyosema zaidi ya hayo.

Dandora yenyewe ni jaa. Lilianza 1975 katika shimo la machimbo ya mawe, likatangazwa kujaa 2001, na magari bado yanamwaga. Mto hupita mguuni pake. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako Gigiri katika jiji hilihili, lilitoa ripoti juu ya watoto 328 wa eneo hilo waliopimwa afya. Nusu yao walikuwa na risasi katika damu kufikia au kupita kiwango kilichokubaliwa wakati ule, ile risasi ya betri na rangi za zamani. Gigiri na Dandora ziko upande mmoja wa dunia, mwendo mfupi wa gari.

Kuna jambo moja ambalo nilipolijua nilishindwa kulala. Maji yanayotoka kwenye mifereji ya Nairobi kwa sehemu kubwa si ya mto huu kabisa. Zamani mji ulinywa kutoka mtoni, kisha kutoka chemchemi za Kikuyu, palepale karibu na Ondiri. Mji ulipokua ukaanza kwenda mbali zaidi: bwawa la Sasumua katika miaka ya 1950, la Ndakaini katika miaka ya 1990, kwenye miteremko ya Aberdare. Vijito vinavyoyajaza ni vya Chania na Thika, na Chania na Thika ni watoto wa Mto Tana. Mwenyezi Mungu aliviumba vishuke Garissa, vipite kwa Wapokomo, vitoke baharini karibu na Kipini. Lakini Nairobi huvikinga kwa mabwawa, ikavipitisha kwenye mabomba chini ya vilima, ikapikia, ikaogea, ikavuta choo, halafu ikavimwaga katika Mto Nairobi, vikaenda kutokea Malindi. Jiji limehamisha mto kutoka mlango mmoja wa bahari hadi mwingine. Mkulima wa mpunga wa Tana amepungukiwa maji aliyostahili, na mvuvi wa Mambrui amepata maji asiyoyaomba, yakiwa yametumika.

Baada ya Dandora na Ruai mto huingia Athi, na mtu wa mjini husahau. Hapo ndipo safari inapoanza. Maji huruka kwenye Fourteen Falls chini ya mlima Ol Donyo Sabuk, na hapo povu la sabuni huinuka likaelea kama mabonge ya pamba hadi kwenye majani ya miti. Kisha mto hufuata ukingo wa Uwanda wa Yatta, ambao ni mtiririko mmoja wa zaha iliyoganda, mrefu wa takriban kilomita 300, mojawapo ya mirefu kabisa duniani. Upande huu na ule ni Ukambani. Watu huchota humo, ng'ombe hunywa humo, mboga humwagiliwa humo. Huko Makueni bwawa kubwa la Thwake limekuwa likijengwa, na swali la wenyeji ni lilelile la miaka yote: tutakunywa nini hasa?

Udongo wa Ukambani nao hushuka. Wakoloni waliwabana Wakamba katika maeneo ya hifadhi huku mashamba makubwa ya walowezi yakikata malisho yao ya zamani, na kufikia miaka ya 1930 vilima vya Machakos vilikuwa vimechunwa ngozi. Serikali ikaamua dawa ni kuwapunguzia ng'ombe wao kwa nguvu. Mwaka 1938 Muindi Mbingu aliongoza maelfu ya wake kwa waume kwenda Nairobi kwa miguu, wakapiga kambi wakimtaka gavana awasikilize. Ng'ombe wengine walirudishwa. Mbingu alikamatwa akapelekwa kizuizini Lamu. Kila nikilifikiria hilo huona kitu kimoja: udongo wa Ukambani ulishuka Malindi, na mtetezi wake naye akashushwa pwani.

Ushuhuda wa udongo huo uko baharini, umeandikwa na wanyama wadogo kuliko punje ya mtama. Katika miamba ya matumbawe ya Malindi, ambayo tangu 1968 ni hifadhi ya taifa ya bahari, watafiti walikata kipande cha tumbawe lililoishi karibu miaka 300. Tumbawe hukua tabaka kwa tabaka, mwaka baada ya mwaka, mithili ya mti. Udongo wa mto hubeba madini yaitwayo bariamu, yanayoachana na chembe za udongo zikikutana na maji ya chumvi, na tumbawe huyanyonya na kuyaweka katika mifupa yake. Basi walipopima tabaka moja moja waliweza kusoma kiasi cha udongo ulioshushwa na Sabaki kila kipindi. Kutoka 1700 hadi 1900 kiwango karibu hakibadiliki: miaka mia mbili ya masika na vuli, ya njaa na neema, ya Waomani na Wareno waliokwisha kuondoka, na mto ni uleule. Kisha kuanzia 1900 mstari unaanza kupanda, na haujarudi.

Mwaka 1900 reli ilikuwa na mwaka mmoja Nairobi. Sisemi kwamba reli peke yake ilifanya hayo. Watu waliongezeka, misitu ilikatwa, mashamba ya kahawa yalifunguliwa, wafugaji walibanwa. Lakini nimekaa na tarehe hizo mbili akilini kwa muda mrefu, moja imeandikwa katika vitabu vya historia ya jiji, nyingine imeandikwa mfupani mwa kiumbe wa bahari ya kwetu, na zinasomeka kama kurasa mbili za barua moja.

Katika Tsavo mto hupata afueni. Hapo huungana na Mto Tsavo, unaoleta maji ya Mzima, maji yaliyochujwa chini kwa chini na majivu ya volkano ya Chyulu, angavu kiasi cha kuona samaki na viboko wakitembea chini. Kuanzia makutano hayo unaitwa Galana. Unapita kwa mamba na ndovu, unajipenyeza katika mawe ya Lugard Falls, jua na mchanga vinausafisha kadiri vinavyoweza. Ukishaingia nchi ya Wagiriama huitwa Sabaki.

Wagiriama wana sababu zao za kuukumbuka. Mwaka 1913 Waingereza walidai vijana wakafanye kazi katika mashamba ya walowezi, na Mekatilili wa Menza akawaapisha watu wakatae. Walimkamata wakampeleka Kisii, mbali kabisa upande wa magharibi, na alitoroka akarudi kwao kwa miguu. Mwaka 1914 serikali iliamuru Wagiriama wote wa ng'ambo ya kaskazini ya Sabaki waondoke wahamie kusini, waache mashamba yao bora ya mahindi. Kaya Fungo, mahali pao patakatifu, ililipuliwa kwa baruti mwezi wa Agosti. Vita Vikuu vilikuwa vimeanza, na serikali ilikuwa inataka wabebaji mizigo. Wabebaji hao walikusanywa kwa maelfu kutoka kila upande, na kambi yao ya Nairobi ndiyo iliyoacha jina la Kariokor, jirani na mto uleule. Aliyekataa kuvushwa Sabaki na aliyelala Kariokor akisubiri kupelekwa vitani waliyatazama maji mamoja, mmoja juu, mmoja chini.

Nasi watu wa pwani tunayanywa. Visima vya Baricho vimechimbwa kando ya Sabaki, katika mchanga wake, na hapo ndipo Malindi, Kilifi na sehemu za Mombasa zinapopata maji ya bomba. Mchanga huchuja mengi, na hutiwa dawa. Lakini kuna jamaa zangu Mombasa wanaodhani mto wa Nairobi ni msiba wa Wanairobi, wauone kwenye televisheni na wabadilishe stesheni. Nikiwaambia watazame bilauri iliyo mkononi, huniona nachokoza.

Sitaki kusema kwamba hakuna aliyejaribu. Mwaka 1999 ulianzishwa mpango wa bonde la mito ya Nairobi kwa msaada wa Umoja wa Mataifa. John Michuki alipokuwa waziri wa mazingira kuanzia 2008 aliingia kazini kwa ukali uliojulikana, na kwa muda, kuanzia Museum Hill kuteremka Globe, mtu aliweza kusimama ukingoni. Bustani iliyo hapo sasa ina jina lake. Alifariki 2012, na mto ukarudi ulivyokuwa. Mwisho wa 2022 iliundwa tume ya mito ya Nairobi. Aprili na Mei 2024 mvua zikaja kwa nguvu ambayo wengi hawakuwahi kuiona, Mathare ikabeba nyumba na watu usiku, na baada ya maji kupungua tingatinga zilikuja kubomoa zilizosalia ndani ya mita 30 kutoka ukingoni. Walioondolewa ni wale waliokuwa hawana pengine pa kukaa. Kuta za mawe zilizojengwa ukingoni huko juu, nyingi zilibaki zimesimama. Katika mipango hiyo yote ami yangu hajawahi kuulizwa neno.

Na ukimuuliza, hatakwambia mto ufungwe. Nilidhani angesema hivyo. Nilikuwa nyumbani Novemba iliyopita, tumekaa mchangani kando ya hori, maji yamepwa, na ng'ambo tuliuona mdomo wa Sabaki, heroe wamesimama katika kina kifupi kama maua, na mstari ule: upande huu maji mekundu, upande ule buluu, na baina yao ukingo mwembamba wa povu, umenyooka kama uliochorwa kwa rula. Ami alikuwa akichomoa vitu kwenye nyavu. Chupa, kamba ya nailoni, kandambili ya mtoto, mfuko wa maziwa wa kampuni ya bara, karatasi ya plastiki. Hiyo ya mwisho niliiomba. Ilikuwa ya rangi.

“Ami, si ingekuwa afadhali mto usishuke kabisa?”

Alicheka kwa mshangao, kama mtu aliyesikia mtoto akiomba jua lisichomoze. “Mto usiposhuka kamba watatoka wapi, mwanangu? Kamba huja na tope. Babu yako akiyaona maji mekundu akisema, haya, riziki hiyo. Tope twalijua.” Akainua ile kandambili, akaitazama soli yake iliyolika upande mmoja. “Haya ndiyo tusiyoyajua.” Akaiweka juu ya mchanga kwa upole, kama mwenyewe angekuja kuichukua.

Usiku wa kuamkia jana mvua ilianza hapa saa nne. Nilitoka barazani nikasikiliza. Haikuwa manyunyu. Bondeni, nyuma ya maghorofa, sauti ya mto iliongezeka kidogo kidogo hadi ikameza sauti ya barabara. Nikafikiria jiwe pana la Gikomba, kama yule mama alimaliza kuzianua karatasi zake. Saa kumi na moja, baada ya adhana, sikungoja nipigiwe.

“Shikamoo ami.”

“Marahaba mwanangu. Wote wazima huko?”

“Wazima. Ami, huku kwanyesha. Kwanyesha sana, tangu jana usiku.”

Kimya kidogo. Nilisikia bahari nyuma yake, maji yanajaa.

“Tope au na vitu?”

“Na vitu.”

“Haya. Jarife nitalipandisha kesho.”